Kumfuata Mwenzi Ujerumani Pamoja na Watoto: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya yule anayefuata. Mwajiri humwandikia barua mfanyakazi, ubalozi humhoji mfanyakazi, na hata jamaa wanapopiga simu kutoa pongezi humpongeza mfanyakazi. Ilhali anayeuza makochi, anayeomba uhamisho wa shule, anayetafuta kadi za kliniki zilizopotea, na ambaye baadaye atabaki nyumbani peke yake katika mji asioujua, ni mwenzi wake. Maswali yaliyomo ni yale ambayo Watanzania na Wakenya wanaohamia Ujerumani huyauliza, na ambayo yameongezeka tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi mjini Berlin mwezi Septemba 2024. Viwango vya fedha vilivyotajwa ni vya mwaka 2026.

Je, ni lazima nijue Kijerumani kabla ya kupewa viza?

Jibu linategemea kibali cha mwenzi wako. Anayemfuata mtu mwenye Kadi ya Bluu ya Umoja wa Ulaya, yaani kibali cha wataalamu ambao mshahara wao unafikia kiwango kilichowekwa na sheria, hadaiwi cheti cha lugha. Anayemfuata mtu mwenye kibali cha aina nyingine, kwa mfano muuguzi ambaye bado anasubiri taaluma yake itambuliwe, anaweza kudaiwa cheti cha A1, ambacho ndicho kiwango cha chini kabisa: kujitambulisha, kuuliza bei, kujaza fomu fupi. Kwa hiyo, kabla ya kuulizana tarehe ya safari, mwulize mwenzi wako kibali chake kitatolewa chini ya kifungu gani cha sheria, kwa sababu kifungu hicho ndicho kitakachoamua masharti yako wewe na watoto. Mtihani wa A1 unaweza kufanywa katika Goethe-Institut, Nairobi na Dar es Salaam.

Hata hivyo, nakushauri usome hata kama umesamehewa. Mfanyakazi mwenye Kadi ya Bluu huenda akaingia katika ofisi ambako Kiingereza huzungumzwa kutwa nzima. Wewe ndiye utakayekutana na mwalimu wa chekechea, na mtu wa mapokezi kwa daktari wa watoto, na jirani aliyechukizwa na jinsi ulivyotupa taka, na wote hao watakuzungumzia Kijerumani. Katika familia za namna hii, aliyesamehewa lugha ndiye anayeihitaji kuliko wote.

Tuhame sote kwa pamoja, au mfanyakazi atangulie?

Kwa maoni yangu, ni heri mfanyakazi atangulie kwa miezi mitatu au minne. Nyumba za kupanga katika miji kama Munich, Frankfurt, Hamburg na Berlin ni adimu, mwenye nyumba anaruhusiwa kudai dhamana ya hadi kodi ya miezi mitatu, na nyumba nyingi hukabidhiwa zikiwa tupu kiasi kwamba hata jiko, sinki na makabati havimo. Zamani familia ilitakiwa ithibitishe kwamba nyumba yake ina nafasi ya kutosha. Kwa wenye Kadi ya Bluu na makundi kadhaa ya wafanyakazi wenye ujuzi sharti hilo limeondolewa tangu Machi 2024, lakini watoto watatu bado hawawezi kulala kwa amani katika chumba kimoja cha kukodi, sheria iwe imesema nini.

Angalizo langu ni kuhusu mtoto mkubwa. Wazazi wengi hutamani kumwacha kwa shangazi au kwa bibi ili amalize kidato cha nne, kisha afuate. Mtoto aliyetimiza miaka 16 na ambaye hahami pamoja na wazazi wake anaweza kudaiwa Kijerumani cha kiwango cha C1, kiwango ambacho mtu hukifikia baada ya miaka ya kusoma, isipokuwa mzazi wake ana Kadi ya Bluu au kibali kingine kilichosamehewa. Akitimiza miaka 18, njia ya kumchukua kama mtoto wa mfanyakazi inakuwa imefungwa. Ikiwa una kijana wa miaka 15, ombi lake liwe la kwanza kuingia.

Tuandae nyaraka zipi?

Kila mtoto awe na pasipoti yake. Ziandaliwe vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa, mkataba wa kazi wa mwenzi, nakala ya kibali chake, uthibitisho wa bima ya afya, na tafsiri za Kijerumani za vyeti vyenu. Ada ya viza ni euro 75 kwa mtu mzima na euro 37.50 kwa mtoto, na tangu Januari 2025 maombi ya viza za muda mrefu yanaweza kuanzishwa mtandaoni kabla ya kufika ubalozini.

Kinachochelewesha kwa kawaida ni vyeti vyenyewe. Ubalozi unaweza kuagiza vyeti vihakikiwe vilikotolewa, na hapo ndipo tofauti ndogo ya herufi kati ya cheti cha kuzaliwa na pasipoti inapogeuka miezi ya kusubiri. Tanzania Bara, uhakiki na marekebisho ya vyeti hufanywa na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na Zanzibar hufanywa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Anza huko mapema, hata kabla mkataba wa kazi haujasainiwa, kwani cheti kilichosahihishwa hakiozi.

Ripoti za shule za miaka miwili iliyopita na kadi za kliniki za watoto hazimo katika orodha ya ubalozi, na ndiyo maana husahaulika kabatini. Zote mbili utaulizwa ndani ya mwezi wa kwanza.

Mimi, mume wangu na watoto hatuna jina moja la ukoo. Je, ni tatizo?

Si kosa, lakini litakuchosha. Kwetu mtoto hupewa jina lake, likafuatiwa na la baba, kisha la babu; mke akiolewa hubaki na jina la baba yake. Kwa hiyo Hamisi Bakari ana mtoto aitwaye Juma Hamisi na mke aitwaye Zuhura Salum, na hakuna anayeshangaa. Mfumo wa Ujerumani umejengwa juu ya jina la familia, na karani akiona watu watatu wenye majina matatu tofauti ya mwisho atauliza mtoto huyu ni wa nani. Dawa yake ni kubeba tafsiri ya cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto popote uendapo kwa jambo rasmi, ukiwamo uwanja wa ndege unaposafiri na watoto bila baba yao. Hakikisha pia kwamba jina lilelile, kwa mpangilio uleule, ndilo linaloandikwa kila mahali kuanzia siku ya kwanza, kwa sababu ofisi moja ikikuandika Zuhura na nyingine ikikuandika Salum, barua zako zitakuwa za watu wawili.

Ndoa yetu ilifungwa kimila, au msikitini. Je, inatosha?

Kinachotakiwa ni cheti kilichosajiliwa serikalini. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inataka ndoa za aina zote zisajiliwe, za kimila na za Kiislamu zikiwamo. Tanzania Bara usajili uko chini ya RITA. Kwa mwanamume mwenye wake zaidi ya mmoja, sheria ya Ujerumani iko wazi: akiwa anaishi huko na mke mmoja, mke mwingine hapewi kibali cha kumfuata.

Nina mtoto niliyezaa kabla ya ndoa hii. Naweza kwenda naye?

Unaweza, ikiwa una haki ya malezi peke yako kwa mujibu wa uamuzi wa mahakama, au ikiwa mzazi mwenzio ametoa ridhaa ya maandishi iliyothibitishwa kisheria. Kauli ya kwamba "baba yake hata hamjui" haikubaliki ubalozini bila karatasi, na kuipata karatasi hiyo mahakamani huchukua muda.

Bima ya afya ya watoto inalipiwaje?

Hili ni swali la kumwuliza mwenzi wako kabla hajasaini chochote. Ujerumani ina bima ya umma na bima binafsi. Katika bima ya umma, mwenzi asiye na kipato, au mwenye kipato kidogo sana, pamoja na watoto, huingizwa chini ya mchango wa mfanyakazi bila kulipa zaidi. Katika bima binafsi kila kichwa hulipiwa peke yake. Mfanyakazi mwenye mshahara mkubwa ambaye bado anaishi peke yake hushawishiwa kwa urahisi kuchagua bima binafsi, kwa kuwa kwa mtu mmoja mwenye afya njema huonekana ya bei nafuu. Wakifika mke na watoto watatu hesabu inageuka, na kurudi kwenye bima ya umma si jambo jepesi.

Tufanye nini katika wiki za kwanza?

Ndani ya wiki mbili baada ya kuingia katika nyumba ni lazima mwandikishwe katika ofisi ya wakazi, mkiwa na karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba mmehamia. Uandikishaji huo unaitwa Anmeldung, na pasipo huo hakuna kinachosonga: namba ya mlipakodi hutumwa kwa posta kwenye anwani hiyo, na kibali cha kuishi hushughulikiwa na ofisi ya wageni ya mji huohuo. Andikeni majina yenu yote kwenye kisanduku cha barua. Tarishi asipoliona jina lako huirudisha barua ilikotoka, hata kama anajua mnaishi hapo.

Fungua akaunti ya benki yenye jina lako. Nasisitiza hili kwa wake na kwa waume wanaofuata wake zao vilevile. Namba ya mlipakodi ni yako, kibali ni chako, akaunti nayo iwe yako. Siku utakapopata kazi, au siku mambo yatakapoharibika, hutaanza kuomba ruhusa ya kuwapo.

Je, tutapata nafasi ya chekechea?

Tangu tarehe 1 Agosti 2013 kila mtoto aliyetimiza mwaka mmoja ana haki kisheria ya kupata nafasi ya malezi ya mchana. Nafasi zenyewe ni pungufu katika miji mingi, hivyo mwombe mwenzi aliyetangulia aanze kuandikisha majina mara tu anapopata anwani, na katika chekechea kadhaa. Berlin haitozi ada ya malezi. Katika majimbo mengine ada hutofautiana kulingana na mji, umri wa mtoto na kipato cha wazazi.

Nafasi ikipatikana, usimwahidi mwajiri kwamba utaanza kazi Jumatatu inayofuata. Kuna kipindi cha kumzoesha mtoto, ambacho kila mtu huko hukiita Eingewöhnung, na hakuna wa kukiruka. Siku za mwanzo mzazi hukaa chumbani pamoja na mtoto kwa saa moja tu, akiwa kimya pembeni. Baadaye hutoka kwa dakika kumi, kisha nusu saa, kisha hadi chakula cha mchana, na mtoto akilia sana wanarudi hatua moja nyuma. Huchukua wiki mbili, nne, wakati mwingine zaidi. Kwa sisi tuliozoea kumkabidhi mtoto langoni na kugeuka haraka kabla hajaanza kulia, jambo hili linaonekana kama deko. Baada ya kuliona kwa macho yangu nimebadili mawazo: mtoto asiyejua neno hata moja la lugha ya pale anahitaji uso mmoja anaoufahamu, na kwa mzazi hayo ni masomo ya bure ya Kijerumani cha watoto, ambacho ndicho rahisi kuliko vyote.

Jambo moja halina mjadala. Kwa sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Machi 2020, mtoto wa miaka miwili na zaidi hapokelewi chekechea bila uthibitisho wa dozi mbili za chanjo ya surua, na anayeingia shuleni hudaiwa uthibitisho huohuo. Ndiyo sababu ya kuiweka kadi ya kliniki kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku linaloweza kupotelea njiani.

Na shule?

Shule za umma hazina ada, na elimu ni lazima kuanzia umri wa takriban miaka sita. Kumfundishia mtoto nyumbani badala ya shuleni hakuruhusiwi. Kumwondoa shuleni siku chache kabla ya likizo ili kuwahi tiketi ya bei nafuu ya kwenda Dar es Salaam au Mombasa kunaweza kuwaletea wazazi faini.

Elimu ni mamlaka ya majimbo, nayo ni 16, kwa hiyo ushauri wa rafiki aliye Bavaria haufai kila mara kwa aliye Bremen. Katika majimbo mengi shule ya msingi ni ya miaka minne. Berlin na Brandenburg ni miaka sita. Baada ya hapo watoto hugawanywa katika aina tofauti za shule, na njia iliyonyooka zaidi ya kuelekea chuo kikuu ni ile iitwayo Gymnasium. Mtoto anayefika akiwa na miaka tisa au kumi ana bahati mbaya ya kukutana na mgawanyo huo kabla lugha haijakaa. Wazazi wa watoto wa umri huu wafuatilie kwa karibu na waulize mapema kuhusu shule za pamoja, ambazo hazimfungi mtoto katika mkondo mmoja tangu utotoni. Akipelekwa katika shule isiyo ya Gymnasium si mwisho wa safari, kwa kuwa kuna njia za kuvuka baadaye, ila huwa ndefu.

Watoto wasiojua lugha kwa kawaida huwekwa kwanza katika darasa la wageni, au huingia darasa la kawaida huku wakipewa vipindi vya ziada vya Kijerumani. Shule nyingi bado humaliza masomo mchana. Saa zinazobaki hujazwa na malezi ya baada ya masomo, ambayo huombwa peke yake. Kuanzia Agosti 2026 haki ya malezi ya siku nzima kwa wanafunzi wa shule ya msingi inaanza na darasa la kwanza, kisha itapanda darasa moja kila mwaka.

Kuna pia suala la saa, ambalo hakuna anayekutahadharisha. Mtoto wetu anajua kwamba masomo huanza saa mbili asubuhi; huko wataiita saa nane, na hilo atalizoea. Kinachomkoroga ni pale Mjerumani anaposema halb drei, yaani nusu ya tatu, akimaanisha nusu saa kabla ya saa tatu ya saa yao, kwetu saa nane na nusu mchana. Mtu anayetafsiri kichwani kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza kisha Kijerumani atafika kwa daktari amechelewa kwa saa nzima, na miadi itakuwa imekwisha. Miadi yote iandikwe kwa tarakimu.

Je, serikali hutoa posho ya watoto kwa wageni?

Ndiyo, kwa wenye vibali vinavyoruhusu kazi. Posho hiyo, Kindergeld, ni euro 259 kwa mwezi kwa kila mtoto. Huombwa, haiji yenyewe, na malipo ya nyuma hayazidi miezi sita.

Naweza kufanya kazi?

Unaweza. Kibali unachopewa kwa sababu ya familia kinaruhusu kazi ya aina yoyote, hata kujiajiri, na huhitaji kibali cha pili. Ugumu upo katika kutambuliwa kwa taaluma. Ualimu wa shule za umma, uuguzi na udaktari ni fani zinazosimamiwa na sheria, hivyo huwezi kuzifanya mpaka mamlaka husika itambue elimu yako, na kwa walimu kuna kikwazo cha ziada: Ujerumani humtaka mwalimu awe amesomea masomo mawili ya kufundishia na awe na Kijerumani cha hali ya juu. Kwa shahada za fani zisizosimamiwa, kama biashara au kompyuta, angalia kwanza chuo chako katika anabin, hifadhidata ya Ujerumani ya vyuo na shahada za kigeni, kisha ukiona haja omba hati ya ulinganisho wa shahada, ambayo ada yake ni euro 208.

Mwenzi anayepata kibali cha familia kwa mara ya kwanza kwa kawaida ana haki ya kujiunga na kozi ya ujumuishaji, yenye vipindi 600 vya lugha na 100 vya historia, sheria na maisha ya nchi hiyo. Wengi huiahirisha "mpaka watoto watulie". Watoto hutulia kabla yako, na baada ya mwaka mmoja wanakuwa wakalimani wako kwa daktari, jambo linalowapa mzigo usio wa umri wao na linalokushushia wewe heshima mbele yao. Omba kozi mara tu mtoto mdogo anapopata nafasi ya chekechea, hata kama ni ya jioni. Kuhusu ajira ndogo ya hadi euro 603 kwa mwezi, ni njia nzuri ya kutoka nyumbani na kusikia lugha, lakini isigeuke mahali pa kukaa miaka mitano.

Ni kweli kwamba ukimchapa mtoto anachukuliwa?

Kumchapa mtoto kumekatazwa kisheria tangu mwaka 2000, nyumbani na popote pengine, kofi moja likiwamo. Habari ikifika, ofisi ya ustawi wa watoto, Jugendamt, huwa na wajibu wa kuja kuuliza. Watu wetu huiogopa kupita kiasi. Katika visa vingi huanza kwa mazungumzo na ushauri, na kumwondoa mtoto nyumbani ni hatua ya mwisho. Ofisi hiyohiyo ndiyo ambayo katika miji mingi hugawa nafasi za chekechea, kwa hiyo utaifahamu kabla haijakufahamu.

Ndoa ikivunjika, nitafukuzwa nchini?

Katika miaka mitatu ya kwanza ya kuishi pamoja kama wanandoa nchini Ujerumani, kibali chako kinaegemea ndoa. Baada ya miaka hiyo mitatu unaweza kupewa kibali kinachojitegemea. Muda huo haudaiwi pale ambapo kuulazimisha kungekuwa ni ukatili, na sheria inaujumuisha ukatili wa nyumbani waziwazi katika hali hizo. Mtu asivumilie kipigo kwa kuhesabu miezi. Namba 116 016 hupokea simu za wanawake wanaodhulumiwa saa zote bila malipo.

Mwenzi wangu akipoteza kazi?

Ofisi ya wageni ni lazima ijulishwe, na kwa kawaida mfanyakazi hupewa miezi kadhaa ya kutafuta kazi nyingine. Familia ambayo mwenzi naye anafanya kazi hupumua vizuri zaidi katika miezi hiyo.

Naweza kumchukua dada wa kazi, au mama yangu aje anisaidie watoto?

Dada wa kazi, hapana. Kibali cha familia hakimhusu. Mama anaweza kuja kwa viza ya matembezi, siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Wazazi wa wafanyakazi wenye ujuzi waliopata kibali kwa mara ya kwanza kuanzia tarehe 1 Machi 2024 wana njia ya kuhamia moja kwa moja, lakini familia ni lazima iweze kuwagharimia na kuwapatia bima ya afya, na kwa mzee bima hiyo ni ghali.

Leseni yangu ya udereva itatumika?

Kwa miezi sita. Baada ya hapo mwenye leseni ya Kenya au Tanzania hufanya mtihani wa nadharia na wa vitendo. Nadharia inaweza kufanywa kwa Kiingereza au Kiarabu, miongoni mwa lugha nyingine, ila Kiswahili hakimo.

Watoto watasahau Kiswahili?

Watasahau, na upesi kuliko unavyodhani, ikiwa nyumbani mtawazungumzia Kijerumani cha kuunga-unga kwa nia njema ya kuwasaidia. Kijerumani watakipata shuleni wenyewe. Kiswahili hawana pa kukipata isipokuwa kwenu. Sauti za bibi na babu ziwafikie kila wiki, na Idhaa ya Kiswahili ya DW, iliyoanza mwaka 1963 na ambayo leo hutangaza kutoka Bonn, isikike jikoni. Mtoto akidhihakiwa kwa lugha yake, mweleze kwamba Kiswahili kilifundishwa Berlin na wenyeji wa Zanzibar tangu mwishoni mwa miaka ya 1880, na kwamba hadi leo husomwa katika vyuo vikuu vya Hamburg, Leipzig na Bayreuth.

Watoto watapata uraia wa Ujerumani?

Tangu tarehe 27 Juni 2024 Ujerumani inaruhusu uraia zaidi ya mmoja, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo inaruhusu. Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima, kwa hiyo familia ya Kitanzania itabidi iamue, na mtoto mwenye uraia wa nchi mbili atatakiwa kuchagua akishakuwa mtu mzima. Mtoto atakayezaliwa huko huwa Mjerumani tangu kuzaliwa iwapo mmoja wa wazazi ameishi nchini kihalali kwa miaka mitano na ana haki ya ukaazi wa kudumu. Kabla ya hapo huandikishwa kwa uraia wa wazazi, na ubalozi wenu Berlin ndio utakaomtolea pasipoti.